Mwalimu wa Kufokea Abiria

Ukipita asubuhi ya siku ya kazi nyuma ya maghala ya uwanja wa ndege, utadhani watu wanagombana. Kila dereva mgeni anayeleta mizigo hudhani hivyo. Sauti za vijana zinafoka: acha begi, njoo huku, ruka, ruka. Hakuna ugomvi. Ni darasa. Humo ndani mwanamke mmoja anawafundisha watoto waliolelewa vizuri namna ya kukosa adabu, na kwa kazi hiyo analipwa mshahara.

Wanafunzi wanamwita Honi, ila hakuna aliyewahi kumwita hivyo akiwa karibu. Jina lenyewe ni la kejeli, maana sauti yake haina uhoni wowote. Imekwaruzika, kama mlango wa bati unaoburutwa sakafuni. Moshi ndio uliomwachia sauti hiyo. Moto ukamwachia kovu linaloanzia chini ya sikio la kushoto, likashuka shingoni na kupotelea ndani ya kola. Kola zake zote hushonwa na kaka yake, fundi cherehani, nazo huwa ndefu kidogo kuliko za watu wengine. Hajawahi kumwomba azirefushe.

Darasa lake ni ghala, na ndani ya ghala kuna kipande cha ndege kuukuu. Hakina mabawa, hakina mkia, hakina injini. Kina viti, madirisha, milango, na mtelezo wa mpira wa kushukia. Wanafunzi wamekipa jina la Kuku, wakisema kuku naye ni ndege, lakini nani amewahi kumwona angani? Moshi wa mazoezi unatoka kwenye mashine ile ile inayokodishwa kwa ajili ya kumbi za muziki, na unanukia sukari iliyoungua.

"Huu wa kwetu unanukia," Honi huwaambia wageni wa darasa. "Ule wenyewe haukupi nafasi ya kunusa."

Hapa inabidi tuelewane kidogo kuhusu ajali za ndege, maana wengi tunazijua kupitia televisheni, na televisheni inapenda mlipuko. Tunadhani ndege ikipata ajali ni kufa tu, wote, palepale, basi. Sivyo. Kwanza ajali zenyewe ni chache. Barabara inaua watu wengi zaidi, na sijui nani husali kabla ya kupanda gari la kwenda sokoni. Pili, nyingi hutokea ndege ikiwa inaruka au inatua, karibu na ardhi, na mara nyingi chombo kinaposimama watu wengi bado wako hai. Wanapumua. Wanaulizana kumetokea nini. Taabu inaanzia hapo, kwa sababu mafuta yamemwagika na kitu fulani kimeshika moto. Ndiyo maana aina mpya ya ndege ya abiria hairuhusiwi kubeba watu mpaka walioitengeneza wathibitishe kwamba ikijaa, na nusu ya milango ikiwa haifunguki, wote wanaweza kutoka ndani ya dakika moja na nusu. Kuna watu muda huo hauwatoshi kufunga kamba za viatu.

Na zile kero zote za safarini, usizione kero. Unaambiwa ufungue pazia la dirisha wakati wa kutua ili aliye ndani aone upande gani una moto kabla hajafungua mlango. Taa zinapunguzwa usiku ili macho yazoee giza mapema. Kiti kinainuliwa ili aliye nyuma yako apate njia. Jaketi la kuokolea usilijaze hewa ukiwa ndani, maana maji yakiingia utaelea mpaka darini na kubanwa hapo, huku mlango uko chini yako. Haya yote yameandikwa baada ya watu kufa. Hakuna hata moja lililobuniwa na mtu aliyekosa kazi ofisini.

Honi mwenyewe hakuzaliwa mfokaji. Alipokuwa mhudumu wa ndege alisifika kwa upole. Alijua kumshika mkono bibi anayesafiri mara ya kwanza, na kumfanya mlevi ajione amealikwa kulala, si ameamriwa. Kisha ikaja ile safari ya mvua. Ndege ilitua, magurudumu yakateleza, ikapitiliza mwisho wa barabara yake na kuingia mtaroni. Bawa moja likakatika, mafuta yakashika moto. Ilipotulia hakuna aliyekuwa amekufa. Wachunguzi walilithibitisha hilo baadaye, na ripoti yao iko wazi kwa yeyote mwenye moyo wa kuisoma.

Alifungua mlango, watu wakaanza kutoka. Katikati ya njia akasimama mzee mmoja mrefu, amevaa koti, mikono yake iko juu kwenye kabati la mizigo. Begi lilikuwa limebanwa. Honi alikuwa hatua mbili kutoka kwake. Mdomo wake ukasema kile ulichozoea kusema tangu utotoni mbele ya mtu mzima.

"Samahani mzee wangu, naomba upishe watu."

Mzee aligeuka, akamwangalia kwa upole kabisa. "Subiri kidogo, mwanangu."

Akaendelea kuvuta. Honi akaomba tena. Alipotaka kuomba mara ya tatu hapakuwa na mzee wala njia, palikuwa na weusi unaokaba. Waliokuwa nyuma ya yule mzee walikuwa saba. Wote walikufa, na mzee akawa wa nane.

Ripoti haikumlaumu. Wachunguzi wa ajali za ndege hawatafuti mtu wa kufunga jela. Wanatafuta kilichopungua ili kisipungue tena. Waliandika kwamba kampuni iliwafundisha wahudumu wake ukarimu kwa majuma mengi, na kufoka kwa nusu siku. Kampuni ikasoma, ikajikuna kichwa, kisha ikamwangalia mwanamke huyu ambaye hangeweza tena kusimama mlangoni na kutabasamu bila abiria kumkodolea macho shingoni. Ikamwambia afundishe.

Miezi aliyolala hospitali, aliyemlisha kwa kijiko alikuwa kaka yake. Alifunga duka la cherehani, akakaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda, akimsimulia umbea wa wateja: nani kanenepa na anadai suruali ndiyo iliyosinyaa, nani kaleta gauni la harusi lipunguzwe na wiki iliyofuata kalileta liongezwe. Honi hakuweza kucheka, koo lilikuwa bichi. Alikuwa akicheka kwa macho.

Sasa kaka huyo ana binti, na binti huyo alikuwa mwanafunzi wa Honi.

Darasani walimwita Naomba. Hakuwa na sentensi isiyoanzia hapo. Naomba nipite, naomba niulize, naomba nikae. Akijigonga kwenye kiti anakiomba radhi kiti. Alikuwa wa kwanza darasani kwa kila kitu kilichoandikwa: milango, mitungi ya kuzimia moto, huduma ya kwanza. Ila ukifika mtihani wa Kuku, ule wa kutoa watu ndani ya moshi, alikuwa anazama. Mara ya kwanza aliwasihi abiria kama anayeuza karanga. Mara ya pili alianza vizuri, akafoka kweli, mpaka tochi yake ikammulika mama wa makamo anayefanya usafi ofisini, aliyekuja kuigiza abiria. Naomba akasimama katikati ya moshi.

"Shikamoo mama," akasema.

Darasa lilicheka mpaka mashine ikabidi izimwe. Honi hakucheka. Sheria ya chuo ilikuwa majaribio matatu, na asiyepita la tatu anarudisha sare na kwenda zake.

Siku chache kabla ya jaribio hilo alipita dukani kwa kaka yake. Fundi alikuwa amepiga magoti akipima pindo la suruali kwenye sanamu ya mbao, pini zimejaa mdomoni. Akaongea nazo hivyohivyo.

"Nasikia umemwangusha mwanangu mara mbili."

"Kajiangusha mwenyewe. Mimi nilikuwa naangalia."

"Kosa lake adabu."

"Kosa lake anasalimia watu ndani ya moshi, kaka."

"Nimemlea hivyo."

"Najua. Sisi pia tulilelewa hivyo." Honi akagusa kola yake. "Ona tulivyopendeza."

Fundi akatoa pini moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye mto wake wa pini. Alipoinuka, magoti yalilia.

"Mdogo wangu, mpitishe. Hizo ndege zenyewe zinaanguka mara ngapi? Atazeeka, atastaafu, atalea wajukuu kabla hajaiona hiyo ajali."

"Na mimi niliambiwa hivyo hivyo."

"Nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki mpaka mgongo ukapinda. Nimewahi kukuomba kitu?"

"Hujawahi."

"Basi ndicho hiki."

Honi alichukua kipande cha kitambaa kilichoanguka, akakikunja, akakikunjua. Alisema, "Siku ya mtihani kila mwanafunzi analeta ndugu wa kukaa kama abiria. Njoo."

"Nije nikae tu?"

"Ndege inahitaji watu wa kukaa tu. Hao ndio wengi."

Fundi akaja, amevaa suti aliyojishonea, utadhani anasafiri kweli. Kuku alijaa shangazi, wajomba, kaka na majirani wa wanafunzi, wakipigana picha na kulalamika kwamba hakuna chakula. Mtahini wa pili alikuwa rubani mstaafu, mzee mwenye tumbo na saa mbili, moja ya kupimia muda na moja ya kujionesha. Naomba alisimama mlango wa mbele, skafu imefungwa vizuri, midomo inatembea bila sauti. Alikuwa anarudia maneno. Mwenzake alishika mlango wa nyuma.

Honi alimpeleka kaka yake katikati, kiti cha kando ya njia, akapandisha begi kubwa kwenye kabati juu ya kichwa chake. Akainama.

"Taa zikizima, simama, vuta hilo begi. Usiliachie mpaka uamriwe. Usikubali kuombwa."

Fundi akainua kichwa. "Unamtega mwanangu kwa baba yake."

"Abiria hachaguliwi, kaka."

Rubani mstaafu aliyasikia hayo. Akamvuta Honi pembeni. "Mama, huu si mtihani, hii ni roho mbaya. Mpe mtu mwingine yeyote."

"Mtu mwingine yeyote Naomba anaweza kumfokea. Hilo tayari tunalijua."

Hapo Honi hakuwa na uhakika kama anasema kweli au anajitetea. Kitu kimoja tu alikuwa na uhakika nacho: alitaka mtoto huyu apite kuliko alivyotaka kupita mwenyewe enzi zake. Na kama hawezi, ajulikane hapa, kwenye moshi wenye harufu ya sukari.

Taa zikazima. Mashine ikaanza kutema. Kengele ikalia, na kutoka mlango wa mbele ikaja sauti ambayo hakuna aliyeitambua.

"Fungua mkanda! Acha mzigo! Njoo huku, huku, huku!"

Ilikuwa ya Naomba. Ilikuwa kavu, fupi, haina hata chembe ya samahani. Wajomba waliokuwa wakicheka wakaacha kucheka na kuanza kukimbia. Bibi mmoja aliyekuwa anatafuta kiatu alifokewa mpaka akaruka mtelezoni na mguu mmoja peku. Rubani mstaafu alimgusa Honi begani gizani, kama kusema unaona. Honi alikuwa anaona.

Kisha njia ikaziba katikati.

Fundi alikuwa amejipangia, alikuja kueleza baadaye, kwamba neno la kwanza tu la binti yake lingetosha, angeachia begi na mambo yaishe. Lakini giza lilipoingia na watu wakaanza kusukumana, mikono yake ikashika kile ilichokishika. Hakukumbuka mtihani. Hakukumbuka hata kwamba begi si lake. Ndivyo mwili wa mtu ulivyo. Ukiogopa, unang'ang'ania kitu.

Tochi ya Naomba ikamfikia usoni, na sauti ikakatika.

Nyuma ya fundi watu walikuwa wamekwama. Mtoto huyo si mjinga. Akafoka kwa kupitisha sauti juu ya bega la baba yake: "Nyuma! Geukeni! Mlango wa nyuma!" Wakageuka, wakatoka wote kule nyuma. Ndani wakabaki wawili, binti na baba, na moshi ukiwafikia kifuani.

"Baba," akasema, kwa sauti yake ya nyumbani. "Naomba tutoke."

"Nakuja," fundi akajibu, akivuta.

Naomba alinyoosha mkono, akaurudisha. Akasimama hapo, mikono mbele, kama anayesubiri mtu mzima amalize kuongea kwenye simu.

Rubani mstaafu akapuliza filimbi.

Taa zilipowaka, fundi alitoka na begi lake mkononi, koti limekaa vizuri, anakohoa. Akamtazama dada yake, anangoja sifa.

"Nimefanya ulivyosema?"

"Umekufa, kaka."

"Nimekufaje na nimesimama?"

"Muda umeisha ukiwa ndani, fundi," rubani mstaafu akasema, akitazama saa moja halafu nyingine. "Na binti naye alikuwa ndani na wewe."

Ndugu waliokuwa nje wakasogea kusikiliza, hata yule bibi wa kiatu kimoja. Rubani mstaafu akamgeukia Honi na kushusha sauti. Alisema binti kafikiri haraka, kawageuza watu, kaokoa kila mtu isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ni baba mzazi. Yeye angempitisha. Nani duniani asingekwama hapo?

Honi alimwendea Naomba. Mtoto alikuwa ameketi kwenye ngazi ya Kuku, magoti pamoja.

"Kwa nini hukumfokea?"

"Ni baba."

"Yule bibi ulimfokea."

"Yule si baba." "Shangazi, hatapanda ndege nitakayokuwemo. Sitamruhusu. Nakuahidi."

"Atapanda mwingine anayefanana naye. Amevaa koti kama lake, anaongea kama yeye. Utamulika tochi, utamwona baba."

"Nitajikaza."

"Leo ulijikaza?"

Fundi alikuwa amesogea, begi bado mkononi, na sasa ndipo alipoelewa kilichotokea. Akainama mbele ya binti yake.

"Yaani mwanangu, uliona heri nife kuliko kunifokea?"

"Nilishindwa, baba. Nisamehe."

Fundi hakujua alichukue neno hilo kama heshima au kama msiba. Uso wake ulijaribu vyote viwili. Mwishowe akamgeukia dada yake, na macho yalikuwa yale yale ya kwenye kiti cha plastiki, ya mtu aliyekaa muda mrefu na sasa anaomba aruhusiwe kuinuka.

"Mdogo wangu," akasema.

Honi aliwaza wale wanane. Huwa hawaji kama mizimu, hawana muda huo. Huja kama mgongo wa mtu mrefu, na nyuma yake vichwa vinavyochungulia kuona kwa nini njia haiendi. Alijua kwamba akisema neno moja hapa, nyumba ya kaka yake ingefurahi leo, na mtoto huyu angesimama mlangoni kwenye ndege halisi akiwa na skafu yake nzuri, pengine maisha yake yote, bila kitu kutokea. Pengine.

"Hajapita," akasema.

Akageuka kwenda kuzima mashine ya moshi.

Jioni, kabla taa za barabarani hazijawaka, alikwenda nyumbani kwa kaka yake. Alifunguliwa na Naomba.

"Shikamoo shangazi. Karibu, naomba nikupokee mkoba."

"Marahaba. Baba yupo?"

Naomba alisita. Akaingia chumba cha ndani, na kupitia pazia Honi akamsikia fundi vizuri kabisa, maana hakujitahidi kunong'ona: "Mwambie shangazi yako mimi ni marehemu. Marehemu hapokei wageni."

Binti akarudi, amekunja mikono mbele. "Baba anasema samahani sana, amejipumzisha kidogo."

Honi alikaa. Akaletewa chai, akainywa, ingawa ilikuwa ya moto kuliko koo lake linavyoweza. Naomba alikaa upande wa pili. Sare ilikuwa imekunjwa juu ya kiti, imepigwa pasi, tayari kurudishwa. Mapindo yake yalikuwa yamepunguzwa na fundi mwenyewe, mshono usioonekana.

"Ningemfokea leo," Naomba akasema, "angekasirika?"

"Wiki nzima."

"Halafu?"

"Halafu angewasimulia wateja wake wote mpaka wahame duka."

Mtoto alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Dirisha la kukatia tiketi wanatafuta watu. Pale wanataka mtu mpole."

"Pale utafaa."

"Lakini sikutaka pale."

"Najua, mwanangu."

Ndani hakukuwa na sauti ya mtu aliyepumzika. Kulikuwa na ukimya wa mtu anayesikiliza. Honi aliinuka, akasimama karibu na pazia. Alitaka kumwambia kaka yake jambo kuhusu yale mazungumzo ya hospitalini, yale ya suruali zilizosinyaa, lakini kwa sauti aliyokuwa nayo lingefika kule ndani kama lawama. Akaaga.

Naomba alimsindikiza mpaka getini, akamshukuru kwa kuja, akamtakia usiku mwema, akamwomba amsalimie jirani. Honi alipovuta geti na kulifunga nyuma yake, ndani ya nyumba cherehani ikaanza kulia, kwa kasi, kama mtu aliyekuwa akisubiri tu aondoke ili aendelee na kazi.